Mita Tatu kwa Macho

Kabla ya kitu kingine chochote, Mwalimu huangalia mnara wa simu. Uko mbali, ng'ambo ya viwanja ambavyo bado havijajengwa, zaidi ya kilomita moja kutoka kwenye roshani ya nyumba anayopanga hapa Kitengela. Huzungusha lenzi hadi inapokomea, kwenye alama ya mbali kabisa, kisha huweka jicho kidirishani na kutazama kama nguzo ya mnara ni moja au ni mbili. Ikiwa moja, kamera ni nzima. Zikionekana nguzo mbili bega kwa bega, basi vioo vya ndani vimesogea, pengine kwa mitikisiko ya matatu, na siku hiyo hapigi picha. Kamera itakwenda Nairobi kwa fundi. Sijamwona akiruka hatua hii, hata asubuhi ambazo gari lilikuwa linatungoja.

Kamera yenyewe ni Canonet QL17 GIII, aina ambayo kampuni ya Canon ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1972. Mwili ni wa chuma, lenzi ni ya milimita 40 na haibanduki, na uzito wake unazidi nusu kilo kwa kiasi cha kuusikia shingoni ifikapo jioni. Iliundwa itumie betri ndogo ya zebaki ya volti 1.35 kwa kipimamwanga chake. Betri za namna hiyo hazitengenezwi tena, kwa hiyo kipimamwanga kimelala. Lakini shata inaendeshwa na springi, haidai umeme, na Mwalimu hakuona sababu ya kutafuta betri mbadala. Anafundisha fizikia katika shule ya sekondari. Kupima mwanga kwa kichwa ni hesabu ndogo kuliko anazowapa wanafunzi wa kidato cha pili. Hapigi picha za harusi wala za mahafali, na hauzi hata moja. Anapiga kwa kupenda.

Kinachoitenga kamera hii na nyingi tulizozizoea ni kwamba jicho la mpigaji halipiti kwenye lenzi. Unatazama kwa kidirisha kilicho pembeni, na ndani ya kidirisha hicho kila kitu kinaonekana wazi wakati wote, kilicho karibu na kilicho mbali. Kwa hiyo kidirisha hakikwambii kama picha itatoka kali au itatoka na ukungu. Hakikwambii hata kama umesahau kifuniko cha lenzi. Wapo walioanza na kamera za aina hii wakamaliza filamu nzima gizani, wakitabasamu. Mwalimu hutembea bila kifuniko kabisa. Kwenye lenzi ameweka kichujio cha manjano, na kichujio ndicho kinachopokea vumbi.

Kinachoujua umbali ni kiraka kidogo cha manjano katikati ya kidirisha. Uso wa mbele wa kamera una madirisha mawili, kubwa la kutazamia na jingine dogo la kando. Mwanga unaoingia kwa dirisha dogo hupindishwa, ukapita ndani ya kamera hadi kwenye kioo chembamba kinachoakisi sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu, na hapo taswira mbili hukutana mbele ya jicho moja. Ukizungusha lenzi, mkono mdogo wa chuma unaoiegemea husogea nayo, na taswira iliyo ndani ya kiraka hutambaa kushoto au kulia. Unamtazama mtu, unamwona ana pua mbili. Unasukuma kile kijilimi kilicho kwenye lenzi kwa ncha ya kidole, na pua ya pili huingia ndani ya ile ya kwanza kama kivuli kinavyoingia chini ya miguu saa sita za mchana. Zikishakuwa moja, lenzi imesimama mahali pake.

Darasani Mwalimu huwaonyesha wanafunzi jambo hilo kwa kidole gumba. Nyoosha mkono, funga jicho la kushoto, kisha la kulia: gumba linaruka. Lisogeze karibu na uso, linaruka zaidi. Ni pembetatu, na urefu wa kitako chake ni nafasi iliyopo kati ya macho mawili, au kati ya madirisha mawili ya kamera. Pembetatu hiyo ilianza kufanya kazi vitani kabla ya kufika kwa wapiga picha. Barr na Stroud, watengenezaji wa Uskoti, waliviuzia vikosi vya majini vya Uingereza vipimaumbali tangu miaka ya 1890, vyombo virefu vya kulengea mizinga. Kodak iliunganisha kipimaumbali na lenzi ya kamera mwaka 1916, Leica ikafanya hivyo kwenye kamera yake ndogo mwaka 1932, na Leica M3 ya mwaka 1954 ndiyo ambayo wengi bado huitaja kwa heshima. Canonet ilikuwa jibu la bei nafuu kwa mtu wa kawaida. Mwalimu hana kijicho na wenye Leica, ingawa nimemwona akiitazama moja kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Kutia filamu ni kazi ya mezani, kivulini. Anafungua mgongo wa kamera, anaketisha mkebe wa filamu upande wa kushoto, anavuta ulimi wake hadi kwenye alama nyekundu upande wa kulia na kuhakikisha matundu ya ukingoni yamekaa kwenye meno. Anafunga. Kisha, na hapa ndipo wengi huwa na haraka, anageuza taratibu kile kishikio cha kurudishia filamu hadi kikaze, ili utepe usiwe umelegea ndani ya mkebe. Anavuta wenzo wa kusogezea huku akikitazama kishikio hicho. Kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, anafungua na kuanza upya, bila kulaumu kitu. Akifika namba moja kwenye kihesabio, anaandika tarehe kwenye kipande cha plasta ya karatasi na kukibandika chini ya kamera. Picha ni 36, na kila moja anaihesabu.

Mazoezi ya umbali aliyafanya nyumbani, kwa futi ya fundi seremala. Alipima kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji, hadi kwenye kamba ya nguo, hadi getini. Kisha akaiacha futi ndani, akawa anatembea uani akijitamkia: mita mbili, mita tatu, mita moja na nusu. Akishatamka, anainua kamera na kuilinganisha na kiraka. Majirani walimzoea. Sasa hufanya hivyo popote, foleni ya benki, kwenye stendi, akiwa hana kamera hata mkononi. Ukizungumza naye mmesimama, hujui kwamba tayari anazo mita zako.

Kidole nacho kina elimu yake. Kile kijilimi cha lenzi husafiri njia fupi tu kutoka mbali kabisa hadi sentimita 80, ambao ndio ukaribu wa mwisho inaokubali. Kwa kuwa ni safari fupi, kila umbali una mkao wake wa kidole, na mkao huo unaweza kuhifadhiwa kama mpiga gitaa anavyohifadhi sauti. Mwalimu huuweka mkao wa mita tatu kamera ikiwa bado kifuani, macho yake yakiwa kwingine. Kufika jichoni, kinachobaki ni kusahihisha kidogo, na mara nyingi hakuna cha kusahihisha.

Kitengela ina mtego wake kwa kamera za namna hii, nao ni mabati. Vibanda, nyua za viwanja vya ujenzi, kuta za gereji: mabati yaliyosimamishwa wima, migongo na mabonde yanayofanana kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiraka hupenda mstari wima, na hapo kuna mistari mia. Unaweza kuulaza mgongo mmoja wa bati juu ya jirani yake, picha ikaonekana moja kabisa kidirishani, na umbali ukawa wa uongo. Pundamilia wa upande wa Mbuga ya Nairobi wangeleta tatizo hilohilo kama wangekubali kusogelewa. Dawa yake ni kutafuta kitu ambacho kiko kimoja tu. Mwalimu huanzia ukingoni mwa bati, au kwenye msumari, au kwenye herufi za rangi ambazo mwenye kibanda ameandika jina la biashara. Huko nyuma kiraka kilikuwa kimefifia pia, na aliponunua kamera hakikuonekana vizuri juani. Alikata kipande cha utepe mweusi kidogo kuliko punje ya mchele na kukibandika katikati ya dirisha kubwa, kwa mbele. Utepe huzuia taswira ya kwanza pale ambapo ya pili inaangukia, na kiraka kikang'aa.

Hesabu ya mwanga ni hivi. Filamu ya kasi 400, jua kali, tundu la lenzi liwe 16 na shata iwe karibu na moja chini ya 400. Kwenye kamera hii, moja chini ya 500. Hapo ndipo mwisho wa uwezo wake, pande zote mbili: haina tundu dogo kuliko 16 wala kasi zaidi ya 500. Kichujio cha manjano kinakula nusu ya mwanga, kwa hiyo tundu linafunguliwa hadi 11. Ni hasara yenye faida. Anga la Kajiado, ambalo kwenye filamu nyeusi na nyeupe hutoka jeupe tupu, linapata uzito, na mawingu yanapata kingo. Shuka nyekundu nayo, ambayo ingeweza kuzama kwenye kijivu kilekile cha migunga iliyo nyuma yake, hupanda kidogo na kujitenga. Hayo yote hayaonekani kidirishani. Ni lazima uyajue kabla.

Na tundu la 11 lina zawadi nyingine. Lenzi ya milimita 40 ikikaa kwenye mita tatu na tundu la 11, vitu vyote kuanzia karibu mita mbili hadi zaidi ya saba vitatoka vikali vya kutosha. Mtu mwenye mkao wa mita tatu kidoleni mwake anaweza kutembea sokoni bila kugusa lenzi kabisa.

Soko tulilokwenda ni la mifugo, Bissil, kusini mwa mji wa Kajiado kwenye barabara ya Namanga. Matatu hupita Isinya, kisha Kajiado yenyewe na reli ya zamani inayopeleka magadi kutoka Magadi hadi Konza, kisha tambarare. Tulifika mapema kwa makusudi. Kajiado iko digrii mbili hivi kusini mwa ikweta, na jua halichelewi kupanda. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba linapita juu ya utosi hasa, karibu saa sita na nusu. Saa hizo macho ya kila mwenye kofia ni mashimo meusi. Mwalimu hufanya kazi hadi saa tatu na nusu, hukaa kivulini hadi alasiri, na kama kuna mtu kivulini anayestahili picha, hufungua tundu hatua tatu, kutoka 11 hadi 4. Tatu, kwa hesabu ya vidole kwenye pete ya lenzi, bila kutazama. Kwenye tundu la 4 hana tena uhuru wa mita mbili hadi saba. Hapo hurudi kwenye kiraka.

Nilitaka kuona jinsi anavyowasogelea watu, kwa sababu Wamaasai wamepigwa picha kuliko karibu watu wote wa Afrika Mashariki, na nyingi ya picha hizo zilichukuliwa kwa lenzi ndefu kutoka dirisha la gari. Lenzi ya milimita 40 haina ruhusa hiyo. Ukitaka uso wa mtu, usimame ambapo yeye anaweza kukuuliza unafanya nini. Mwalimu alisimama karibu na wazee waliokuwa wakiangalia fahali, kamera ikining'inia, akasalimia, "Sopa," akajibiwa. Akauliza bei za ng'ombe. Akasimuliwa ukame. Mzee mmoja akauliza kile kidude ni cha miaka gani, akakishika, akakigeuza, akatazama kidirishani na kucheka alipoona mwenzake ana fimbo mbili. Mwalimu alimwonyesha kijilimi cha kusukuma. Mzee alizileta fimbo hadi zikawa moja, akarudisha kamera, akasema, "Haya, piga."

Hakupiga saa hiyo. Wote walikuwa wamesimama wima wakiingojea kamera. Aliendelea kuuliza habari za fahali, na mazungumzo yakarudi kwa wenyewe, madalali wakaanza tena kubonyeza mapaja ya ng'ombe na kutikisa vichwa. Ndani ya kidirisha kuna mistari inayoonyesha mipaka ya picha, na nje ya mistari hiyo bado unaona kinachokuja. Hiyo ndiyo sifa ambayo Mwalimu huisifu zaidi ya zote. Alikuwa ameinua kamera, jicho la pili likiwa wazi, na alimwona kijana akikaribia kutoka kulia akiongoza ndama kwa kamba fupi muda mrefu kabla hajaingia kwenye mistari. Alimngoja. Mzee akageuka kumtazama ndama, mkono juu ya fimbo. Shata ikalia, sauti ndogo kavu. Kamera hii haina kioo cha kuruka wala kidirisha hakifungi giza wakati wa kupiga, kwa hiyo aliona kile alichokipata. Akateremsha kamera, akavuta wenzo, akaandika kwenye daftari: namba, tundu, kasi, umbali aliokadiria. Kisha akaendelea na habari za ukame, na kwa saa nzima iliyofuata hakupiga nyingine.

Filamu huoshwa alfajiri. Sababu ni tangi. Matangi meusi ya plastiki juu ya paa za Kitengela hupashwa na jua mchana kutwa, na dawa inataka digrii 20. Usiku wa hapa ni baridi, na kabla ya jua kuchomoza maji ya bomba huwa yamekaribia yenyewe. Anatia mikono ndani ya mfuko mweusi wenye mikono miwili, anafungua mkebe kwa kupapasa na kuisokota filamu, yenye urefu wa mita moja na nusu hivi, kwenye rili ya plastiki inayofungiwa ndani ya kopo. Rili ikiwa na tone moja la maji, filamu itanata na kukunjika, basi huikausha usiku uliotangulia. Kumtazama mtu akifanya hivyo ni kutazama uso wake tu. Macho yako ukutani, midomo inasogea kidogo, viwiko vinapanda na kushuka.

Dawa ni D-76, ambayo Kodak iliitoa mwaka 1927, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Kwa filamu yake ya HP5 Plus ni dakika 11. Anapindua kopo mara nne katika sekunde kumi za kwanza za kila dakika, kisha analigonga mezani ili viputo vipande juu. Dakika zinazobaki hakai; anapanga chupa zinazofuata kwa utaratibu wa kutumika. Baada ya fiksa, dawa inayoimarisha picha, huja kuosha, na hapa kuna tatizo la mji: maji ya Kitengela hununuliwa kwa lori, na mengi ya visima yana chumvi. Kuacha bomba likimwagika nusu saa ni anasa. Hutumia utaratibu wa kampuni ya Ilford, jaza kopo, pindua mara tano, mwaga; jaza, mara kumi, mwaga; jaza, mara ishirini, mwaga. Kopo tatu tu. Maji ya mwisho ni maji ya betri kutoka kituo cha petroli, kwa sababu chumvi ikikaukia kwenye filamu huacha madoa ambayo hayatoki.

Uoshaji huu una maana kubwa kuliko usafi. Priya Ramrakha, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935 na kuuawa akipiga picha za vita vya Biafra Oktoba 1968, aliacha filamu na picha ambazo zilikuja kupatikana miongo kadhaa baadaye kwenye gereji huko Nairobi, na zikatengenezewa maonyesho. Filamu yenye fiksa isiyooshwa isingevumilia gereji.

Kabla ya kutundika filamu, Mwalimu hufungulia shawa kwa dakika moja na kulowesha sakafu na kuta, ili vumbi la Kitengela lianguke. Hutundika kwa vibanio viwili, kimoja juu na kimoja chini cha kuvuta, anafunga mlango, na hakuna anayeruhusiwa kuingia bafuni hadi mchana.

Daftari hufunguliwa ikishakauka. Kwa kioo cha kukuzia anapita picha moja moja, akilinganisha umbali alioandika na ukali anaouona. Ya mzee na ndama aliandika mita tatu. Nyuzi za shuka zinahesabika. Nyingine ya fundi wa pikipiki, mita mbili, imekaa sikioni badala ya jichoni. Anaweka alama, bila neno.

Anachokifanyia kazi siku hizi ni tundu la 1.7, mwanga wa jioni ndani ya nyumba. Kwa umbali wa mita moja na nusu, kina cha ukali ni sentimita 14 hivi, na mtu aliyeketi huyumba kiasi hicho anapopumua na kucheka. Mkao wa kidole hausaidii hapo; ni kiraka peke yake, kwenye ukingo wa kope. Mpwa wake wa miaka kumi ndiye anayekalishwa dirishani baada ya kazi za shule.

"Shangazi, bado?"

"Bado. Pumua tu, ila usinisogelee."